Mlegezee Kilemba

Miaka kumi na mmoja sanamu yangu ya plastiki
alisimama mlangoni, soko la Mwanga,
rangi ya ufizi, macho ya buluu, ncha ya pua imebanduka.
Kila gauni lililotoka mkononi mwangu lilianza kwake.
Wateja walimtazama, wakajitazama,
wakasema: "Yeye limemkaa, fundi.
Mimi sijui."
Nami nilivuta futi, nikapima viuno, nikanyamaza.
Mtu anayeuombea radhi mwili wake
unampunguzia bei?

Kisha beberu wa jirani, akifuata ganda la ndizi,
alimpiga kikumbo. Kichwa kikabingirika hadi mtaroni,
na ndani, nikaona, kilikuwa kitupu,
cheupe kuliko nje.

Wiki ile kitenge cha Uvira kilivaliwa na shingo.
Ndipo akaja Butoyi wa Ujiji kuchukua sare ya mjukuu.
Alimzunguka kama anayechagua chungu,
akatia ngumi shingoni, akapima.
"Nipe wiki mbili," alisema. "Na vipande vya vitenge,
vile unavyofagia."

Udongo aliutoa bonde la Luiche.
Wanasema mfinyanzi hulia gaeni.
Hawasemi kwamba gae nalo hutwangwa,
likarudi katika udongo mbichi kuutia mfupa.
Alitwanga mtungi wa Bukuru, pacha wake,
uliovunjika mwaka wa msiba,
akaufunga ndani ya khanga, asiutupe.

Bukuru ana picha moja tu duniani.
Studio, Ujiji, pazia lenye maporomoko ya maji.
Mpiga picha alimwambia: "Cheka, dada, tuone meno,
la sivyo hutatokea."
Hakucheka.
Basi kuna kola nyeupe, kuna maporomoko, kuna kiti,
na juu ya kola
shimo lenye hereni mbili.
"Nimemtafuta humo miaka thelathini," Butoyi alisema,
"kwa miwani na bila miwani."

Kichwa cha kwanza kilipasuka motoni.
Cha pili kilitoka na ufa chini ya sikio; hakuuziba.
Kikiwa bado chekundu alikifukia kwa pumba na majani mabichi,
kinywe moshi usiku kucha.
Niliuliza ni rangi ya kopo gani.
Alinishika kidole, akakipitisha shavuni:
"Sikupaka. Ya kupaka hubanduka.
Hii imeingia."

Na si weusi mmoja. Pajini umekaribia asali,
chini ya kidevu una ubuluu wa mkaa,
midomoni zambarau, kama zambarau iliyoiva.
Maisha yangu yote nimeagiza uzi mweusi kwa neno moja.
Sasa nikifika dukani nasita.

Kilemba alikishona kwa takataka zangu:
pindo la sare ya kwaya, kwapa la gauni la harusi,
mfuko wa shati ambao mwenyewe hakurudi kuuchukua.

Mteja wa kwanza, Mwalimu Leokadia, aliingia
akamwamkia.
Alicheka, akashika shavu lake mwenyewe,
akaligeuza gauni, akauliza bei.
Habari za mwili hakuzigusa.
Mwingine alisema: "Mbona mweusi hivyo? Utafukuza watu."
Alikuwa na krimu mkobani, naijua harufu yake.
Alisimama pale muda mrefu
kuliko mtu anayefukuzwa.

Butoyi huja Jumamosi. Hanunui kitu.
Husimama mbele yake, kimo kwa kimo,
na mimi husimamisha cherehani, maana kelele haifai.
Jumamosi iliyopita alinigeukia, amekunja uso:
"Fundi, mlegezee kilemba.
Tangu utotoni hapendi kubanwa."